Embe la Kwanza la Mtoto

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto hapa Lamu. Msimu wa maembe ukiingia, kina mama huniuliza lilelile: "Sista, nimuonjeshe?" Nami huwauliza umri. Akitimiza miezi 6, sawa. Kabla ya hapo ziwa lamtosha, hata maji hahitaji.

1. Mtazame mwenyewe. Shingo imekaza? Akiegemezwa anakaa wima? Ukimpa kijiko, ulimi umeacha kusukuma kila kitu nje? Basi yuko tayari.

2. Lipime tunda kwa vidole. Bana kipande kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka bila nguvu, fizi zake zitakiweza. Papai lililoiva, ndizi mbivu na parachichi hazina shida. Papai toa mbegu zote. Embe lina mambo yake. Lioshe kabla ya kulimenya, kwa sababu utomvu wa kikonyoni huweza kumletea vipele mdomoni. Dodo mara nyingi lina nyuzi, na nyuzi humkera kooni: likwangue kwa kijiko, ulipitishe kwenye chujio la chai, lidondoke laini bakulini. Lisilo na nyuzi ponda kwa uma, yatosha.

3. Usafi. Nawa kwa sabuni, yeye pia umnawishe. Tunda lililokatwa kuuzwa njiani usimpe.

4. Mkalishe wima, mgongo wake kifuani mwako. Hapa ndipo nagombana na mabibi zetu, kwa mapenzi. Mjukuu amelazwa chali mapajani, analia, na kinywa kikiwa wazi kijiko kinaingia. Mtoto anayelia anavuta pumzi kwa nguvu, na chakula huifuata pumzi. Mnyamazishe kwanza. Vijiko 2 au 3 vinatosha kuanzia. Akigeuza uso, ameshiba. Mpe tunda moja kwa siku 2 au 3 kabla ya kuongeza jingine, ili akitoka vipele ujue vimetoka wapi.

5. Kupaliwa si kusakamwa. Aliyepaliwa anakohoa, uso mwekundu, machozi, lakini sauti ipo. Mwache akohoe, kaa naye, usimpige mgongoni. Aliyesakamwa hana sauti: kinywa wazi, kilio hakitoki, midomo inaanza kubadilika rangi. Kimya hicho ndicho cha kukuinua. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini kuliko kifua, umpige mara 5 kati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, ubonyeze katikati ya kifua mara 5. Rudia, huku mwenzako akiita msaada. Usichokoe kooni kitu usichokiona, utakizamisha.

6. Tahadhari za nyumbani mwetu. Ramadhani tende zimejaa mezani, nazo hunata: toa kokwa, loweka, menya ganda, ponda na maji uliyoyachemsha. Zabibu nzima hapana. Asali, hata ya kulamba, ingoje mwaka 1, kwa kuwa huweza kubeba vijidudu vya sumu ambavyo tumbo changa haliviwezi.

7. Tunda lisiwe peke yake. Kufikia miezi 6 akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inapungua, na embe halina cha kuijaza. Mchana mpe samaki uliyemtoa miba kwa vidole, au kunde zilizopondwa, kisha vijiko vichache vya papai. Vitamini C ya papai huusaidia mwili kuyanyonya madini hayo. Halafu mrudishe ziwani.