Kufunga kengele ya kamera mahali pa kengele ya zamani

Kitufe cha kengele ya zamani hakihitaji umeme kikiwa kimetulia. Ukikibonyeza kinaunganisha nyaya mbili kwa sekunde moja, kengele inalia, basi. Kengele ya kamera inakula umeme saa 24: kamera iko macho, Wi-Fi iko hewani, na giza likiingia taa za infraredi zinawaka. Kazi hii ikiharibika, mara nyingi tatizo liko kwenye transfoma, kile kifaa kinachoshusha umeme wa nyumba kuwa volti ndogo za kengele, kwa hiyo anzia huko kabla hujashika drili.

Kwanza jua kitufe chako kinapitisha umeme gani. Ziko nyumba ambazo kitufe kimeungwa moja kwa moja kwenye umeme wa nyumba, volti 220 hadi 240, sawa na swichi ya taa. Kengele ya kamera ya volti ndogo ikiungwa hapo inaungua papo hapo, na wewe mwenyewe unaweza kupoteza maisha. Kama huna hakika, chukulia kwamba nyaya hizo ni za hatari mpaka upime.

Zima saketi breka ya kengele, kisha bonyeza kitufe. Ikikaa kimya, fungua skrubu, vuta kitufe taratibu, legeza nyaya na uzitenganishe zisigusane. Zibandike ukutani kwa tepu mara moja, kila waya upande wake. Waya ukiponyoka na kuzama ndani ya ukuta, utapoteza saa nzima kuutafuta kwa koleo na tochi.

Sasa washa umeme tena upime. Weka multimita, yaani kipima umeme, kwenye volti za mkondo geu (AC), uanze na kipimo cha juu kabisa, volti 600 au 750, halafu ushuke. Shika vichokonoo vyake kwenye plastiki tu. Ukisoma karibu 220 au zaidi, zima umeme, funika nyaya, umwite fundi umeme. Ukisoma kati ya 16 na 24, uko pazuri. Ukisoma 8 au 10, transfoma hiyo ni ya kengele ya zamani tu na itabidi ibadilishwe.

Usiridhike na volti peke yake. Transfoma isiyobeba mzigo husoma juu kuliko ilivyoandikwa. Ya volti 16 inaweza kuonyesha 18 na zaidi. Kinachosema ukweli ni VA (volti mara ampea, yaani mzigo inaoweza kubeba) iliyoandikwa kwenye lebo yake. Transfoma nyingi za zamani zina VA 5 hadi 10. Kengele nyingi za kamera hutaka angalau 10, na VA 30 ndiyo inayotoa nafasi ya kupumua. Transfoma dhaifu ina dalili zake: kengele inafanya kazi vizuri mchana, halafu jioni taa za infraredi zikiwaka inazima, au mgeni akibonyeza, inajizima na kujiwasha upya. Kabla ya kuweka transfoma kubwa, soma lebo ya kengele ya ndani, ile inayolia ndani ya nyumba, kwa sababu ile ya volti 8 haikutengenezwa kwa 24. Na upande mmoja wa transfoma ni umeme wa nyumba, kwa hiyo kuibadilisha mwachie fundi umeme.

Zima umeme tena, uende kwenye kengele ya ndani. Kwenye saketi ya kawaida, umeme wote wa kamera hupita kwenye koili (waya uliozungushwa) ya kengele hiyo. Ukiwa mdogo hautoshi kurusha kile kijiti cha chuma kinachogonga, lakini unatosha kukitikisa, na ndiyo ule mvumo unaosikika usiku. Kwa sababu hiyo aina nyingi huja na kiboksi kidogo chenye nyaya mbili: mmoja unafungwa palipoandikwa FRONT, mwingine TRANS, bila kuondoa nyaya zilizokuwapo. Usikiache kwenye pakiti. Kama kengele ya ndani imeondolewa kabisa, usiunganishe kamera moja kwa moja na transfoma mpaka usome maelekezo ya aina yako. Baadhi hufunga saketi kila zinapobonyezwa, na bila mzigo wowote njiani zinaungua. Hizo hutaka rezista maalumu, kipande kinachozuia umeme usipite mwingi mno.

Kabla ya kutoboa, shika kamera mahali itakapokaa, mlango ukiwa umefungwa, uangalie kwa simu kama Wi-Fi inafika. Aina nyingi hutumia gigahezi 2.4. Programu ya kamera ikionyesha nguvu ya mawimbi (kwa dBm), -60 au karibu zaidi na sifuri ni nzuri. Ikishuka kupita -70 video itakatika, na hapo sogeza ruta.

Urefu unaofaa ni kama mita 1.2 kutoka sakafuni. Kama mlango umeingia ndani na kuna ukuta pembeni, weka kabari ya kuigeuza kamera. Bila kabari, mwanga wa infraredi unagonga ukuta huo na kurudi kwenye lenzi, na picha ya usiku inakuwa nyeupe tupu huku sura ya mgeni ikibaki kivuli.

Weka bamba la kushikia kamera ukutani, linyooshe kwa pima maji, weka alama. Kwenye tofali au zege tumia biti ya zege yenye kipenyo sawa na plagi za plastiki zinazoshika skrubu ukutani, mara nyingi milimita 6. Tundu la zamani likiwa pana mno, lizibe, liache kavu, utoboe pembeni. Kaza skrubu mpaka bamba litulie, uishie hapo. Ukizidisha, plastiki inapinda na kamera inakataa kuingia.

Ncha za nyaya za zamani huwa nyeusi au za kijani. Zikate, menya sentimita moja mpaka uone shaba inayong'aa. Zungusha waya kwenye skrubu kuelekea inakokazwa, ili ukikaza uvutwe ndani badala ya kusukumwa nje. Kwa mkondo geu haijalishi waya upi uko wapi. Rudisha waya uliozidi ukutani bila kuukunja kwa nguvu, kisha bana kamera.

Paka silikoni juu na pembeni, chini uache wazi. Maji huingia hata ukifanya kazi safi, na lazima yapate pa kutokea.

Washa umeme, fuata programu, kisha subiri giza. Bonyeza kengele mara tano mfululizo taa za infraredi zikiwa zinawaka. Huo ndio mzigo mkubwa kuliko yote, na kama transfoma ni dhaifu itajionyesha hapo.