Stima Ikipotea Baada ya Upepo Mkali: Mwongozo kwa Wakazi wa Kisumu

Kati ya Januari na Machi, joto la Kisumu likishashika, mawingu meusi hujikusanya alasiri na upepo hutangulia mvua, ukiangusha matawi ya mikaratusi juu ya nyaya na kuviacha vitongoji kama Nyalenda na Mamboleo bila stima.

Tazama nje kabla ya kutoka. Waya ulioanguka uhesabu kuwa una umeme hata kama mtaa mzima uko gizani, kwa kuwa laini yaweza kuwashwa wakati wowote. Kaa umbali usiopungua mita 10, zuia watoto na mifugo, kisha piga nambari 97771 ya Kenya Power. Ukijikuta tayari uko karibu nao, ondoka kwa kuburuta nyayo zilizobanana, maana ardhi iliyolowa hupitisha umeme, na hatua ndefu huufanya uingie kwa mguu mmoja na kutokea kwa wa pili.

Ukirudi ndani, usianze na mishumaa. Chomoa friji, televisheni na chaja zote, ukiacha balbu moja ikiwa imewashwa ili ikujulishe stima inaporudi. Ile ya zamani ya waya inafaa zaidi, kwani hubadilika waziwazi nguvu ya umeme inapobadilika. Nyumba zetu hupokea volti 240, lakini upepo ukikata waya wa nyutro, yaani ule wa kurudishia umeme, peke yake, nyumba moja hupata umeme hafifu na jirani yake akapata uliozidi. Kwangu niliwahi kuona mwanga wa manjano ukigeuka mweupe wa kuumiza macho, feni ikavuma kupita kawaida yake, na kabla sijaifikia swichi kuu, friji ilikuwa imeshatoa harufu ya plastiki inayoungua. Ukiona dalili hiyo, zima swichi kuu papo hapo na upige simu tena. Mwanga ukiwa wa kawaida, subiri dakika 10 hivi ndipo uirudishe friji.

Friji isiyofunguliwa hutunza baridi kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa kwa takriban saa 48. Ukiona giza linarefuka, samaki wakaangwe mapema siku hiyohiyo. Nyama iliyokwisha kupata joto itupwe, kwani kuonja si kipimo. Anayetumia insulini aifunge ndani ya mfuko usiopenya maji, kisha aiweke katika chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kivulini penye upepo.

Jiko la makaa libaki nje, hata mvua ikinyesha. Chini ya paa la baraza lililo wazi panatosha. Wengi hulileta ndani na kufunga madirisha kwa kuogopa mbu, wasijue kwamba moshi ukishakwisha, makaa mekundu bado hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu. Mbu dawa yao ni chandarua.