Namna ya Kulitafsiri Neno "Grooming" Bila Kupotosha Maana

Katika semina moja mjini Mtwara niliwahi kukabidhiwa kipeperushi kilichowaonya wazazi dhidi ya "utunzaji wa watoto mitandaoni". Mama mmoja aliyeketi karibu nami akauliza, tena kwa haki kabisa, tangu lini kumtunza mtoto kumekuwa kosa. Mfasiri alikuwa amefungua kamusi, akachukua maana ya kwanza ya neno la Kiingereza "grooming", akaridhika nayo, ilhali kipeperushi kilikusudia mtu mzima anayemrubuni mtoto ili amdhulumu kingono. Maelezo haya ni kwa mwalimu, mwandishi wa habari au mfasiri asiyetaka kurudia kosa hilo.

Anza kwa kuijua asili ya neno. Katika Kiingereza cha karne ya 13, "grom" alikuwa mvulana, kisha mtumishi wa kiume. Kufikia karne ya 17 jina hilo lilikuwa limebaki hasa kwa mtumishi wa farasi, ambaye Kiswahili humwita saisi. Mwendo huo si mgeni kwetu, kwani neno "boi", lililotokana na neno la Kiingereza la mvulana, lilikuwa jina la mtumishi wa nyumbani hata akiwa na wajukuu. Kitenzi kilizaliwa baadaye, mwanzoni mwa karne ya 19, kikimaanisha kumsafisha farasi na kumpiga brashi. Kutoka kwa farasi kikahamia kwa mtu anayejinadhifisha, na kabla karne hiyo haijaisha, Wamarekani walikuwa wakikitumia kwa mwanasiasa anayeandaliwa kugombea. Maana ya kumwinda mtoto ni changa zaidi, nayo ilienea kuanzia miaka ya 1980.

Ukishajua hayo, kila unapolikuta neno jiulize: nani anamtendea nani, na kwa faida ya nani? Anayejitendea mwenyewe, kwa kunyoa, kukata kucha au kujisinga liwa, ni mtu wa unadhifu, na akizidisha kidogo utamwita mtanashati. Mnyama hupigwa brashi au huchanwa manyoya. Sokwemtu wa Gombe, ambao Jane Goodall alianza kuwachunguza mwaka 1960, hawajichani tu, bali huchambuana manyoya kwa muda mrefu ili kudumisha urafiki, kwa hiyo "kuchambuana" hutosha kabisa. Kada anayeandaliwa kushika uongozi tumekwisha kumpatia neno letu: amepikwa, akaiva.

Maana ya mwisho ndiyo inayohitaji uangalifu, na hapa kusini ina mtego wa pekee. Nimesikia watu wakipendekeza "kufunda", kwa hoja kwamba mhalifu naye humfundisha mtoto mambo ya kikubwa. Neno hilo halifai. Kungwi hutambuliwa na ukoo, wazazi ndio wanaompeleka mwali kwake, na siku ya kutoka unyagoni ngoma husikika kijiji kizima. Mhalifu hufanya kazi yake pale tu ambapo wazazi hawajui. Mtu anaweza kuwa na maoni yake kuhusu watoto wadogo kupelekwa unyagoni, nami ninayo, lakini hilo ni suala jingine, na kulichanganya na hili kutawafanya wazee wa Newala au Nachingwea waache kukusikiliza kabla hujafika kwenye hoja.

Tumia "kumrubuni mtoto", kisha eleza kurubuni huko hufanyikaje, kwa sababu neno moja halibebi hatua zote: mtu mzima humchagua mtoto, humjengea imani kwa zawadi, vocha za simu au lifti ya bodaboda, humtenga na watu wake, humzoesha kutunza siri, na mwishowe humdhulumu kingono. "Kumlaghai" linakaribia, ingawa udanganyifu wa siku moja nao ni ulaghai, ilhali kurubuni kwa namna hii huweza kuchukua miezi, na mara nyingi mzazi naye hurubuniwa kwa wema wa mgeni huyo. Kwa sababu hiyo sheria ya makosa ya kujamiiana ya Uingereza ya mwaka 2003 ililifanya kuwa kosa la jinai tendo la mtu mzima kukutana na mtoto, au kusafiri ili akutane naye, baada ya kumrubuni kwa nia hiyo.

Kabla ya kuchapa tangazo, msomee mtu asiyejua Kiingereza, kisha mwombe aeleze ni nini anachoonywa nacho. Akijibu sawasawa, ongeza mahali pa kutoa taarifa: namba 116, ambayo hupigwa bila malipo, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi.