Mandhari ya katuni: kwanza kimo cha jicho, nyumba baadaye

Kosa la kawaida ni kuchora wahusika kwanza, kisha kujaza nyumba kwenye nafasi iliyobaki. Matokeo yake sakafu inasimama kama ukuta na watu wanaelea. Anza na mstari wa upeo, yaani kimo cha jicho la anayetazama.

Tuseme unachora mtaa wa Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, katika kisanduku cha katuni cha sentimita 15 kwa 10. Kwa penseli ngumu ya 2H, piga mstari mlalo sentimita 4 kutoka chini. Mtaa ukienda moja kwa moja mbele, weka nukta moja kwenye mstari huo: kingo za roshani zitashuka kuielekea, kingo za barabara zitapanda. Mtazamaji akiwa amesimama, watu wazima wote wa kimo chake, wa karibu na wa mbali, macho yao yatakaa kwenye mstari huohuo. Akiwa ameketi barazani, mstari utawapita waliosimama kifuani.

Pembe ya jengo inahitaji nukta mbili kwenye mstari wa upeo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ziachanishe walau mara tatu ya upana wa kisanduku, hapa sentimita 45. Zitaangukia nje ya karatasi, kwa hiyo ibandike karatasi mezani kwa gundi ya utepe na uzitie alama mezani penyewe. Zikikaribiana, pembe ya nyumba inachomoza kama omo la jahazi.

Nguzo za roshani zilizopangwa sawa usizikisie. Chora mbili za mwanzo. Gawa ya kwanza katikati, upige mstari kutoka hapo hadi kwenye nukta. Utaikata ya pili katikati yake. Sasa toka kilele cha nguzo ya kwanza, pitia katikati ya pili, uteremke hadi mstari wa chini: hapo ndipo inaposimama ya tatu. Endelea hivyohivyo.

Picha za simu zinasaidia, ila vichochoro ni vyembamba. Ukiinua simu kuipata ghorofa ya juu, kuta zinaegemeana. Zinyooshe unapochora. Na uwaombe wenye nyumba ruhusa kwanza.

Kwa wino, kalamu ya milimita 0.5 ni ya wahusika, 0.3 ya nyumba za karibu, 0.1 ya mbali. Mlango wa nakshi unashawishi mtu achore kila ua. Usifanye hivyo: chora fremu na mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kwa ukamilifu, nakshi itie upande mmoja tu, kwingine gusia. Ukipunguza A4 kuwa A5, kila kipimo kinabaki asilimia 71, na mistari iliyobanana inageuka doa jeusi. Wachoraji wa manga, katuni za Kijapani, nao huchora kwa ukubwa kuliko chapa ya mwisho.

Weusi uwekeze kwenye vivuli. Mombasa iko karibu na ikweta, hivyo saa sita mchana kivuli cha roshani huteremka ukutani na cha mtu hujikusanya miguuni. Saa kumi alasiri, kivuli cha upande mmoja wa kichochoro hupanda ukuta wa pili.

Mandhari kamili itoshe kisanduku kimoja, kile kinachofungua tukio. Vinavyofuata vipe kona ya baraza, au viache vyeupe kabisa.