Akaunti ya malipo imefungwa na pesa za biashara zimeshikiliwa: anza hapa

Barua pepe iliingia saa 5:40 usiku, nikiwa mezani nabandika lebo kwenye vifurushi vya kesho yake. Ilitoka kwa kampuni inayonipokelea malipo ya kadi mtandaoni, na ilikuwa na mistari minne: akaunti yako imefungwa, uamuzi huu ni wa mwisho, salio lako litashikiliwa kwa siku 180, tafadhali usijibu barua hii. Mimi hushona mikoba ya ngozi kwa oda na kuiuza mtandaoni. Usiku ule nilikuwa na oda 63 zilizolipiwa ambazo hazijatumwa, ngozi nimeichukua kwa mkopo, na karibu pesa yote ya biashara iko kwenye salio ninaloliona kwenye skrini lakini siwezi kuligusa.

Kama barua ya aina hiyo imekufikia leo, najua tumbo lilivyokukaza. Nakuandikia ili usipoteze wiki mbili kama nilizopoteza mimi kwa kuandika barua za hasira. Kilichonisaidia baadaye ni kuelewa kampuni inaogopa nini, kisha kuipunguza hofu hiyo oda moja baada ya nyingine, na ushahidi mkononi.

Kabla hujalala

Ingia kwenye akaunti sasa hivi, maana mlango huo unaweza kufungwa wakati wowote. Pakua orodha yote ya malipo, orodha ya pesa zilizowahi kutumwa benki kwako, madai ya wateja na majibu uliyoyatoa, ankara za makato, na majina ya wateja wenye oda zilizo wazi. Piga picha ya skrini inayoonyesha salio na tarehe. Pakua pia masharti ya huduma kama yalivyo siku hiyo, kwa sababu hubadilishwa, na wewe utahitaji kifungu kilichotumika kukufungia. Mimi nilipakua kumbukumbu za miezi 14. Siku ya nne nenosiri langu halikukubaliwa tena.

Kisha zima kitufe cha malipo kwenye tovuti yako, pamoja na malipo yanayojirudia kila mwezi kama unayo. Mteja akibonyeza mara tatu na malipo yakakataa, ataanza kukushuku.

Na usifungue akaunti mpya kwenye kampuni ileile kwa jina la mke, mume au ndugu. Wanalinganisha akaunti ya benki, anwani, simu na kompyuta inayotumika, na watakukuta. Mfanyabiashara aliyefungiwa kwa sababu ndogo hugeuka kuwa mdanganyifu kwenye kumbukumbu zao, na hapo hata barua nzuri haitasomwa.

Isome barua polepole

Kuna kuzuiwa kwa muda, ambako wanataka nyaraka: kitambulisho, usajili wa biashara, ankara za wauzaji wako. Hapo jibu siku hiyohiyo na utume picha zinazosomeka, kona zote nne za karatasi zikionekana. Kuna akiba ya dhamana, ambapo akaunti inaendelea kufanya kazi lakini sehemu ya kila malipo inawekwa kando kwa miezi kadhaa. Na kuna kufungwa kabisa. Watu wengi huchanganya haya matatu, wakaomba kisichoweza kutolewa.

Kwa nini siku 180

Mteja akilipa kwa kadi, pesa hiyo haijawa yako moja kwa moja. Kanuni za Visa na Mastercard zinampa mteja, kwa madai mengi, hadi siku 120 za kwenda benki yake kudai arudishiwe. Kama bidhaa ilikuwa ya kutumwa baadaye, siku hizo huweza kuhesabiwa kuanzia tarehe iliyotarajiwa kufika. Mteja akishinda na wewe huna pesa au umetoweka, kampuni ya malipo ndiyo inayobeba hasara. Kwa hiyo wanashikilia salio mpaka muda wa madai upite, na siku kadhaa za ziada juu yake.

Nilipolijua hili, niliiangalia akaunti yangu kwa macho yao. Nilikuwa nimetangaza mkoba mkubwa mpya, oda zikapanda mara tatu ndani ya wiki moja, na nimeahidi kuzituma baada ya wiki sita. Kwa mtu asiyenijua, huyo ni muuzaji anayekusanya pesa haraka na hajatoa kitu. Sikuwa nimemwibia mtu, lakini takwimu zangu zilifanana na za mwizi. Mauzo kupanda ghafla, oda za mbali, bidhaa tofauti na uliyoandika ulipojisajili, madai yanayokaribia asilimia 1 ya malipo: hivyo ndivyo huwasha taa nyekundu.

Ukimya wao pia una sababu. Katika nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Marekani, kampuni ikishatoa taarifa ya muamala unaotiliwa shaka kwa mamlaka, sheria inaikataza kumwambia mteja. Mhudumu anayekujibu sentensi ileile mara nne huenda hana ruhusa ya kusema ya tano. Kumtukana hakusaidii.

Jedwali na barua moja

Tengeneza jedwali lenye mstari mmoja kwa kila oda: tarehe ya malipo, kiasi, namba ya kufuatilia mzigo, tarehe ya kufika, hali ya sasa. Langu nililisahihisha kila jioni kwa miezi miwili. Mzigo ukifika, nilihifadhi ukurasa wa msafirishaji unaoonyesha sahihi ya mpokeaji, kwa sababu kurasa hizo hufutwa baada ya muda.

Kisha andika barua ya ukurasa mmoja. Hii ndiyo iliyopata jibu la binadamu kwa mara ya kwanza:

"Akaunti yangu ilifungwa tarehe iliyotajwa hapo juu nikiwa na oda 63 ambazo hazijatumwa. Hadi leo, 41 zimefika na kusainiwa, 9 ziko njiani, 5 nimekubaliana na wateja warudishiwe pesa, na 8 zitatumwa ndani ya siku 10. Katika miezi 12 iliyopita nimepata madai 2 kupitia benki kati ya malipo 1,140. Jedwali na uthibitisho vimeambatanishwa. Naomba mambo matatu: mtoe sehemu ya salio inayolingana na oda zilizokwisha fika, marejesho ya wateja watano yafanywe kutoka kwenye salio hilo, na mnijulishe kama biashara yangu imewekwa kwenye orodha yoyote ya waliofungiwa."

Hakuna neno kuhusu watoto wangu wala usingizi niliokosa, ingawa vyote vilikuwa kweli. Anayesoma anapima hatari, basi mpe cha kupima. Tuma tena kila baada ya wiki mbili, takwimu zikiwa mpya, kwenye uzi uleule wa barua pepe.

Wateja, na mtego wa kulipa mara mbili

Waandikie wateja kabla hawajakuuliza. Mimi niliwaambia: oda yako ipo, inatumwa tarehe fulani, nimebadilisha mfumo wa malipo, ukiwa na wasiwasi nijibu hapa. Wengi walishukuru. Kila mteja anayekuandikia wewe badala ya benki yake ni dai moja lililoepukwa.

Mtego uko kwenye marejesho. Akaunti ikiwa imefungwa, kitufe cha kurudisha pesa mara nyingi hakifanyi kazi. Unamhurumia mteja, unamtumia pesa kutoka mfuko mwingine, na wiki tatu baadaye benki yake inamrudishia tena malipo yaleyale kutoka kwenye salio lako lililoshikiliwa. Mimi ilinitokea mara moja, na mteja hakuwa mwongo: alikuwa amefungua dai kabla hatujazungumza, akasahau kulifuta. Iombe kampuni kwanza irudishe kwa njia ileile malipo yaliyoingilia. Wakikataa, mteja athibitishe kwa maandishi kwamba hana dai lililo wazi benki, ndipo utume, na hifadhi risiti ya benki.

Madai yataendelea kuja hata baada ya kufungwa. Yajibu yote kabla ya tarehe ya mwisho. Usipojibu unahesabiwa umeshindwa.

Kuendesha biashara bila pesa ile

Kwenye hesabu zako andika salio lile kama sifuri mpaka siku litakapoingia. Nilimpigia simu muuzaji wa ngozi nikamwambia ukweli wote, tukagawa deni katika awamu nne. Usikope kwa riba kubwa ukitegemea salio kutoka tarehe fulani, maana tarehe husogezwa. Na akija mtu kukuambia ana mwenzake ndani wa kufungua pesa, umlipe ada kidogo kwanza, huyo ni tapeli. Huwatafuta watu walioandika malalamiko yao hadharani.

Unapoomba njia mpya ya kupokea malipo, sema wazi kwamba ulifungiwa na ueleze kilichotokea. Mastercard wana orodha iitwayo MATCH, ambayo benki na kampuni za malipo huitazama kabla ya kukubali mfanyabiashara mpya. Jina likiingia hukaa miaka 5, na anayeweza kuomba liondolewe ni yule aliyeliweka. Ndiyo maana ombi la tatu kwenye barua yangu lilikuwa la lazima. Tafuta benki au kampuni inayokagua biashara yako kabla ya kukupokea. Usajili huchukua wiki badala ya dakika, lakini maswali yanaulizwa mwanzoni, pesa ikiwa bado haijaingia.

Siku zikipita na hujibiwi, peleka malalamiko rasmi kwenye kitengo chao cha malalamiko, kisha kwa mamlaka inayosimamia kampuni hiyo mahali iliposajiliwa. Leseni hutajwa chini kabisa ya tovuti yao. Mamlaka hizo huhitaji kwanza uonyeshe kwamba ulilalamika kwa kampuni yenyewe, kwa hiyo namba ya malalamiko itunze. Kama kiasi ni kikubwa, barua ya wakili ni gharama yenye maana. Mpatie kwanza kifungu cha usuluhishi kwenye masharti uliyoyapakua, kwani huweza kukuzuia kwenda mahakamani.

Siku ya 180

Usifunge akaunti ya benki iliyosajiliwa kwao, hata ukihamia benki nyingine. Pesa hutumwa huko huko. Wiki mbili kabla ya tarehe, thibitisha nao namba hiyo kwa maandishi na uombe taarifa ya makato yote yaliyofanywa kwenye salio.

Kwangu sehemu ya kwanza ilitoka siku ya 71, baada ya jedwali la tano. Iliyobaki iliingia siku ya 183, ikiwa imepungua kwa madai matatu na ada zake. Nilizilinganisha na jedwali langu mstari kwa mstari. Dai moja nilikuwa nimelishinda na bado lilikatwa. Niliwatumia ile barua yao ya ushindi, wakanirudishia baada ya siku tisa.