Kupanga na Kujenga Tangi Kubwa la Matumbawe Nyumbani Katika Mji wa Pwani

Anayetaka tangi la matumbawe la lita mia sita na ushei hana budi kuanza na sakafu yake, si na samaki. Chukulia tangi lenye urefu wa sentimita 180, upana wa 60 na kimo cha 60. Likijaa hadi ukingoni huchukua lita 648, na ukijumlisha vioo vya milimita 15, ambavyo peke yake vina uzito wa kilo 150 hivi, kisha mawe, mchanga, meza ya chuma na tangi la pili la chini, mzigo wote hufika au kupita tani moja. Sakafu ya zege iliyomwagwa juu ya ardhi huubeba bila shida. Ghorofani ni lazima kumwuliza mhandisi wa majengo kwanza, na sakafu za boriti za nyumba za kale za pwani zisijaribiwe hata kidogo. Meza isawazishwe kwa pima maji ikiwa tupu na tena tangi likiwa limejaa nusu, kwa sababu tofauti ya milimita chache tu hukaza kona moja ya kioo kuliko nyingine.

Matundu ya mabomba yatobolewe kabla ya tangi kuunganishwa, na fundi athibitishe kwamba kioo si kile kilichoimarishwa kwa moto, maana hicho hupasuka vipande vipande mara kinapoguswa na keekee. Maji hushuka kutoka tangi kuu hadi tangi la chini, ambako hukaa skima ya kutoa uchafu kwa povu pamoja na pampu ya kuyarudisha juu. Liwekwe bomba la pili la kushushia maji, lisilotumika siku za kawaida, ili konokono akiziba la kwanza sebule isigeuke bwawa.

Wengi husahau hesabu ya umeme unapokatika. Pampu ikisimama, maji ya juu huendelea kushuka mpaka yafike usawa wa tundu, na katika tangi la vipimo hivi kila sentimita 2 za kushuka ni lita 21 na zaidi, bila kuhesabu yaliyomo ndani ya mabomba. Tangi la chini lazima liwe na nafasi ya kuyapokea yote. Jaribu kwa maji ya bomba kabla ya kununua hata gramu moja ya chumvi: zima swichi kuu, kaa kitako, utazame maji yanaishia wapi. Nyaya zote zipinde chini kuliko soketi kabla ya kupanda ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme, na mfumo mzima upitie swichi inayokata umeme unapovuja.

Matumbawe mengi hustawi katika nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, ilhali chumba kisicho na kiyoyozi Mombasa, Tanga au Dar es Salaam hupita nyuzi 30 mchana kuanzia Desemba hadi Machi. Joto likizidi kwa majuma kadhaa, tumbawe hutoa nje mwani mdogo unaoishi ndani yake na kulilisha, likabaki jeupe; ndivyo miamba mingi ya pwani yetu ilivyopauka na kufa mwaka 1998. Feni inayopuliza juu ya maji husaidia, lakini unyevu wa hewa ya pwani huipunguzia nguvu, hivyo kwa tangi la ukubwa huu ni busara kununua mashine ya kupoza maji na kuiweka nje ya chumba, kwani joto inaloliondoa majini hulitupa hewani.

Hapo ndipo bili inapoonekana. Pampu na skima zenye jumla ya wati 130 zikifanya kazi saa 24, taa za LED za wati 300 kwa saa 10, na kipoza maji cha wati 500 kwa saa 8, hutumia takriban yuniti 10 kwa siku. Asiyeweza kulipa kiasi hicho kila mwezi apunguze tangi, asipunguze vifaa. Umeme ukikatika, kinachoua kwanza ni upungufu wa oksijeni, kwa hiyo pampu moja ya mawimbi, yaani ile inayokoroga maji ndani ya tangi, ya wati 20 iunganishwe na betri ya volti 12 na ampea-saa (Ah) 100, ambayo huiendesha karibu siku nzima bila kuchoshwa kupita kiasi.

Maji ya bahari yanaweza kutumika yakichotwa wakati wa maji kujaa, mbali na midomo ya mito na mabomba ya maji taka, lakini wakati wa masika si ya kuaminika. Mimi napendelea chumvi maalumu, gramu 37 hivi kwa lita, katika maji yaliyochujwa kwa mtambo wa osmosisi, unaoyasukuma kupitia utando mwembamba, hadi kufikia gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Yanayopungua kwa mvuke hufidiwa kwa maji baridi yaliyochujwa, kamwe si ya chumvi, kwa kuwa chumvi haipandi na mvuke.

Mawe makavu yakishaingia, weka amonia kidogo, sumu ile ile itokayo kwenye uchafu wa samaki, na usubiri bakteria waigeuze kuwa nitriti, kisha nitrati. Kwa kawaida ni wiki nne hadi sita, pengine zaidi. Amonia na nitriti zikisoma sifuri kwenye kipimo, anza na konokono na matumbawe laini. Matumbawe magumu yangoje, kwa maana hula kalsiamu na alkali kila siku. Njia rahisi ya kuvirudisha ni maji ya chokaa safi ya kiwango cha chakula, yakidondoshwa polepole usiku. Chokaa iliyojenga Lamu na Mji Mkongwe ilichomwa kutokana na matumbawe, nasi hapa twairudisha ilikotoka, ila ile ya dukani kwa waashi haifai.

Usivunje kipande chochote baharini. Matumbawe magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na biashara yake ya kimataifa huhitaji kibali. Tafuta vipandikizi vilivyokuzwa na wafugaji wengine. Samaki wapya watengwe wiki nne katika tangi dogo kwa sababu ya ugonjwa wa vipele vyeupe, na kangaja, anayehitaji nafasi ndefu ya kuogelea na mwani wa kuguguna, aingie mwisho, baada ya miezi sita.