Somo: Utafiti wa uzamili katika baiolojia ya molekuli, kwa mfano wa mwani wetu

Wanafunzi wengi wanaoingia uzamili wa baiokemia na baiolojia ya molekuli huuliza kwanza watatumia mashine gani, ilhali linalotangulia ni swali wanalotaka kulijibu. Nitafuata mfano mmoja tu, wa mwani.

Hatua ya kwanza ni kulipunguza swali. "Kwa nini mwani unakufa?" ni kazi ya umri mzima, lakini "je, kotonii, aina ya mwani inayolimwa Paje huko Zanzibar, ambayo mbegu yake ilitoka Ufilipino, ni ukoo mmoja na ile inayojiotea miambani?" ni swali ambalo mwanafunzi mmoja anaweza kulimaliza kwa miaka miwili. Liandike kwa sentensi moja kabla ya kumwona msimamizi.

Hatua ya pili ni vibali, pamoja na ridhaa ya akina mama wenye mashamba. Anza mapema, maana karatasi huenda polepole kuliko maabara.

Hatua ya tatu ni sampuli. Nenda wakati wa bamvu, maji yakishatoka, ukate ncha changa, uzioshe mchanga, uzipanguse, kisha uzifukie katika chembe za jeli ya silika zikauke upesi kabla DNA, yaani molekuli ya urithi, haijakatikakatika. Tabu yenyewe huja siku ya kuitoa DNA hiyo. Kotonii imejaa karajinani (ute wa kugandishia vyakula), ndiyo hasa inayoifanya inunuliwe, nayo hutoka pamoja na DNA na kuacha mrijani ute mzito kama uji wa wanga, unaovutika kwenye ncha ya pipeti na kukizuia kimeng'enya cha PCR (njia ya kukizidisha kipande cha DNA kwa nakala nyingi) kisifanye kazi. Chukua kipande kidogo kuliko unavyotamani, na ukiuona ute huo usisonge mbele, safisha tena.

Hatua ya nne ni PCR: nyuzijoto 95 kuzitenganisha pande mbili za DNA, baina ya 50 na 60 ili vianzio (vipande vifupi vya DNA vinavyoonesha pa kuanzia) vinase, na 72 ili kimeng'enya kijenge nakala. Kila mara weka mrija mmoja wenye maji badala ya DNA. Mimi niliwahi kufurahia mikanda mizuri kwenye jeli (mistari inayoonesha kuwa nakala za DNA zimepatikana) kwa wiki tatu, mpaka nilipouweka mrija huo na maji nayo yakatoa mkanda. Chupa ya maji niliyokuwa nikiichovya kila siku ilikuwa imeshachafuka. Tangu hapo hugawa maji katika mirija midogo, na kila mmoja hutumika siku moja.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kipimo cha 260/280 ni 1.8, lakini PCR haitoi kitu. Nimekosea wapi?*
Kipimo hicho, yaani uwiano wa mwanga unaofyonzwa katika nanomita 260 na 280, hukuonesha uchafu wa protini zaidi. Tazama 260/230, kikiwa chini sana, shuku karajinani au chumvi. Jaribu kuizimua DNA mara kumi kabla ya kuagiza vitendanishi vipya.

*Shahada yangu ni ya ualimu wa kemia na baiolojia. Nitaweza?*
Kemia unayo, dada yangu. Pungufu huwa mkono, basi omba miezi michache ya kujitolea maabarani ujizoeze pipeti.

*Umeme ukikatika usiku?*
Usilifungue friza. DNA iliyosafishwa huvumilia, RNA, ndugu yake aliye dhaifu, haivumilii; vimeng'enya viweke ndani ya kisanduku cha baridi humo humo frizani.